Mama anauliza: nani aliyewahi kulipwa kusoma?

Shikamoo Mama mkubwa,

Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya ghala ninapofanya kazi, zimebaki dakika kumi zamu ianze. Nina miaka 20. Nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, baada ya wazazi wangu kukimbia vita kutoka Baraka, upande wa Fizi, Kongo. Kentucky tulifika mwaka 2017. Sasa niko mwaka wa pili katika chuo cha miaka miwili, nasoma baiolojia. Mchana niko darasani, usiku napanga vifurushi, siku nne kwa wiki.

Mwezi wa kwanza mwalimu wangu alinibakisha baada ya kipindi akaniambia niombe nafasi ya kufanya utafiti wakati wa majira ya joto. Alisema inaitwa REU na kwamba wanalipa. Niliomba sehemu tatu bila kumwambia mtu nyumbani. Mbili walinikataa. Ya tatu ni kituo cha utafiti kilicho kando ya ziwa, kaskazini mwa Michigan, na wiki iliyopita wamenikubali. Ni wiki kumi, kuanzia mwanzoni mwa Juni. Posho ni dola 700 kwa wiki, kulala na kula ni juu yao, na nauli wanalipa. Kikundi nitakachokuwa nacho kinapima jinsi maji ya ziwa yanavyopata joto na yanayowapata wadudu wadogo wanaoliwa na samaki. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa ijayo saa sita usiku.

Niliposoma ile barua pepe nililia chooni. Nilipomweleza mama, aliniuliza neno moja tu: "Nani aliyewahi kulipwa kusoma? Kusoma watu wanalipa." Akamkumbuka kijana wa kanisani kwetu aliyetuma dola 300 za kujiandikisha kwa udhamini wa masomo, na aliyezipokea akazima simu mpaka leo. Kisha akaanza hesabu. Ghalani nalipwa dola 19 kwa saa. Majira ya joto kazi ni nyingi, naweza kufanya saa 50 kwa wiki, na ovataimu inalipwa mara moja na nusu. Mama anasema wiki kumi ni zaidi ya dola elfu kumi, kwa nini niende kulala porini kwa elfu saba?

Na mama hasemi uongo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Baba aliumia mgongo kwenye kiwanda cha nyama, mara mbili kwa wiki ana miadi hospitali, mimi ndiye ninayempeleka na mimi ndiye ninayemtafsiria. Barua yoyote ikiingia nyumbani naisoma mimi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 17 na ana kibali cha kujifunza kuendesha gari, leseni bado. Wengine wawili wako shule ya msingi. Kwenye kodi ya nyumba natoa dola 600 kila mwezi. Tena mama alikuwa amepanga ovataimu yangu iende kwa bibi, aliyebaki Nyarugusu na anaumwa.

Baba hajasema kitu. Kabla ya vita alikuwa mvuvi wa Tanganyika, akivua ndakala, hao Watanzania wanaowaita dagaa. Nilipotaja ziwa aliinua kichwa, halafu akarudi kwenye simu yake.

Na mimi pia naogopa. Maabara niliyoizoea ni ya darasani, ile ambayo jibu liko ukurasa wa nyuma wa kitabu. Wenzangu huko watatoka vyuo vikubwa. Watajua kwamba nilichukuliwa kwa huruma.

Nimkatalie mama, au niwakatalie wao? Utapeli nitautambuaje? Na rafiki yangu aliyefika mwaka jana, mimi nina kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, lakini yeye bado, anaweza kuomba mwakani?

Binti wa Mvuvi, Kentucky

*

Marahaba, mwanangu.

Jibu fupi nilikutumia jioni ileile barua yako ilipofika, maana Ijumaa haisubiri safu hii. Umeniruhusu niyaandike yote hapa kwa ajili ya wengine, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili usitambulike. Nililokuambia siku ile narudia: kubali nafasi hiyo. Lakini usimkatalie mama yako. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sehemu kubwa ya barua hii ni kuhusu hilo la pili.

Tuanze na utapeli, kwa sababu mama ana haki ya kuogopa. Mtu aliyeona dola 300 za jirani zikiyeyuka hawezi kuambiwa tu "ni kweli, mama". Mwonyeshe. REU ni mpango wa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, na unaendeshwa tangu miaka ya 1980. Serikali inavipa vyuo na vituo vya utafiti fedha ili vichukue wanafunzi wa shahada ya kwanza, mara nyingi kama kumi kwa kituo, wafanye utafiti halisi kwa wiki nane hadi kumi. Hizo dola 700 kwa wiki hazikutoka hewani, ndicho kiwango ambacho maelekezo ya NSF ya miaka ya karibuni yanakitaja. Na kanuni zake zinasema wazi kwamba kituo cha REU hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi ada ya maombi, wala kumlipisha karo ili ashiriki. Basi kipimo cha mama ni rahisi: yule kijana wa kanisani aliombwa pesa. Wewe umeombwa nini? Ukiombwa hata dola tano, funga mazungumzo.

Kisha kaa naye mbele ya kompyuta. Kila fedha ambayo NSF imetoa ina namba yake na imewekwa wazi mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuitafuta. Tafuta namba ya kituo chako, msomee mama jina la chuo, jina la profesa na kiasi walichopewa. Halafu piga simu ya ofisi, na namba hiyo uichukue kwenye tovuti ya chuo chenyewe badala ya ile iliyo ndani ya barua pepe. Weka spika, mama asikie mtu akikutaja kwa jina. Nimewahi kufanya hivyo na mzazi mmoja ofisini kwangu (nafundisha kemia katika chuo kama chako, huu ni mwaka wa 18) na yule mama hakuelewa hata nusu ya Kiingereza kilichosemwa. Alielewa kwamba kulikuwa na mtu upande wa pili, anayemjua binti yake na anayemsubiri. Ilimtosha.

Katika simu hiyohiyo uliza mambo matatu, na majibu uyapate kwa maandishi. Fedha za mwaka huu zimeshathibitishwa? Mwaka 2025 baadhi ya vituo vilifuta programu zao kwa sababu fedha za serikali zilikatwa au hazikuthibitishwa kwa wakati, na wanafunzi waliokuwa wameshakubaliwa wakabaki mikono mitupu. Usiache kazi ghalani mpaka jibu la swali hilo liko mkononi, na hata hapo usiache: omba ruhusa ya wiki kumi kwa maandishi. Swali la pili, posho ya kwanza inaingia lini? La tatu, nauli wanainunua wao, au unalipa wewe kisha wanakurudishia?

Hilo la tatu nalisisitiza. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alipata nafasi nzuri sana mbali na hapa. Wiki moja kabla ya kuondoka alikuja ofisini, akakaa, akanisogezea simu yake bila kusema neno. Benki alikuwa na dola 41. Barua ilisema "nauli itagharamiwa", naye akaelewa kwamba tiketi ingetumwa. Kumbe alitakiwa ainunue mwenyewe, kisha apeleke risiti na kusubiri mwezi na zaidi. Walioandika ile barua hawakuwa watu wabaya, ila haikuwapitia akilini kwamba mwanafunzi anaweza kukosa dola 300 za kutanguliza. Tulipiga simu moja tu, tiketi ikanunuliwa na chuo siku ileile. Asingesema, asingekwenda, nao wangeandika kwamba amebadili mawazo. Kwa hiyo sema mapema, na usione haya.

Sasa hesabu ya mama. Saa 50 kwa dola 19, pamoja na ovataimu, ni dola 1,045 kwa wiki. Wiki kumi ni 10,450. Mama yuko sahihi. Lakini huo ni mshahara kabla haujaguswa. Karibu dola 800 zitakwenda Social Security na Medicare, makato ya pensheni na ya bima ya afya ya wazee, na ulipoulizwa uliniambia mafuta ya gari na chakula cha kazini vinakula kama dola 80 kwa wiki, yaani 800 nyingine. Zimebaki 8,850. Upande wa pili una 7,000 ambazo hazina kodi ya chumba wala chakula ndani yake. Pengo linalobaki ni dola 1,850 hivi. Ni pesa, siwezi kusema si pesa. Lakini si zile elfu tatu na zaidi zilizomtisha mama.

Tena kuna wiki ambazo mama hakuzihesabu. Mtihani wako wa mwisho unaisha katikati ya Mei, na ziwani unaripoti mwanzoni mwa Juni. Chukua kila saa utakayopewa ghalani katikati hapo, na pesa hiyo itaje kwa jina tangu leo: ya bibi. Kodi ya nyumba endelea kuitoa kama kawaida, dola 600 zako kila mwezi, kwa wiki hizo kumi ni kama 1,400 tu kati ya 7,000. Ukiambiwa posho ya kwanza inachelewa hadi katikati ya Juni, basi ya Juni itoke kwenye mshahara wa Mei. Liandike hilo kwenye karatasi kwa Kiswahili, mama alibandike kwenye friji.

Angalizo moja kuhusu posho. Kwa kawaida haikatwi kodi kila wiki kama mshahara, lakini mbele ya mamlaka ya kodi bado ni kipato. Tenga kiasi kidogo pembeni na utunze kila karatasi. Na kama nyumbani mnapata msaada wa chakula au bima ya serikali, muulizeni afisa wenu kabla ya Juni kama posho hiyo inahesabiwa, msije mkashtukizwa na barua mwezi wa tisa.

Haya. Nimekuandikia hesabu yote hiyo, lakini siamini kwamba dola ndizo zinazomnyima mama usingizi. Isome tena barua yako mwenyewe. Ni nani anayempeleka baba hospitali? Ni nani anayesoma barua? Ni nani anayeongea na daktari? Mama akisema elfu kumi, nadhani anachokiona ni yeye mwenyewe amesimama dirishani pa mapokezi, baba ameegemea ukuta, mbele yao mtu anaongea haraka, na wewe uko mbali siku nzima ya safari. Hilo hawezi kulisema, kwa sababu akilisema atakuwa amekubali kwamba mtoto wa miaka 20 ndiye amekuwa mguu na kinywa cha nyumba. Dola ni rahisi zaidi kuzitaja.

Kwa hiyo usibishane naye juu ya pesa. Mpe jibu la gari na jibu la kinywa.

Kinywa kwanza. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na ni karibu zote, inatakiwa kisheria kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Si hisani na hailipwi na mgonjwa. Nenda na baba kwenye miadi inayofuata, mwambie mtu wa mapokezi aandike kwenye faili kwamba lugha ya mgonjwa ni Kiswahili na anahitaji mkalimani kila mara, kwa simu au ana kwa ana. Simama pale mpaka umeona ameandika. Kisha, miadi mbili tatu za mwezi wa nne, nenda nao lakini ukae nje. Waache wazoee sauti ya mkalimani wewe ukiwa bado uko karibu. Pengine mkalimani atakuwa na Kiswahili cha Mombasa au cha Dar es Salaam, na baba atalalamika kwamba hamwelewi vizuri. Mwambie baba amwombe mkalimani arudie, ni kazi yake.

Nitakuambia jambo ambalo huenda hujaliwaza. Kuna mambo ambayo baba yako hajawahi kumwambia daktari kwa sababu wewe ndiye mkalimani. Mwanaume wa makamo hawezi kumweleza daktari kila kitu kuhusu maumivu yake, na haja zake, na usiku wake, kupitia mdomo wa binti yake. Mkalimani mgeni anaweza kumsaidia baba yako kuliko wewe unavyoweza, na hilo si kosa lako.

Gari sasa. Mdogo wako ana kibali cha kujifunza. Kuanzia wiki hii yeye ndiye anayeendesha, pembeni yake akae mtu mwenye leseni aliyetimiza miaka 21, maana Kentucky wewe wa miaka 20 huruhusiwi kumsimamia, njia ya hospitali na njia ya soko, mpaka aijue gizani. Masharti ya leseni kwa umri wake yana muda wa kusubiri, kwa hiyo kaangalieni tarehe yake mapema. Ikiwa leseni haitapatikana kabla ya Juni, kaa na watu wawili wa kanisani wenye gari, uwaombe kwa siku na kwa saa: "Jumanne saa nne na Alhamisi saa nane, kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani." Ukiomba hivyo utapata. Ukisema tu "mtawaangalia wazazi wangu", kila mmoja atadhani mwenzake anaangalia. Mafuta yao yalipe wewe kutoka kwenye posho. Barua za nyumbani, mdogo wako azipige picha kila Jumamosi akutumie, mzipitie pamoja kwa simu. Ana miaka 17. Wewe ulianza ukiwa na mingapi?

Ukishayapanga hayo yote ndipo uende kwa mama, na usiende peke yako. Mchukue mama mdogo wako au mzee wa kanisa anayemheshimu, uende ukiwa na karatasi yako. Na umweleze jambo hili ambalo wazazi wetu wengi hawajawahi kulisikia: katika sayansi hapa Marekani, wanaosoma shahada ya uzamivu wengi wao hawalipi ada, chuo kinawalipia na kinawapa posho ya kuishi. "Kulipwa kusoma" ni jambo la kweli. Ila mlango wake ni mwembamba, na wanaokaa mezani kuchagua wanataka kuona kwamba umeshawahi kushika utafiti kwa mikono yako, na wanataka barua ya mtu aliyekuona ukiushika. Hiyo ndiyo mali ya wiki hizi kumi ambayo ghala haina. Siahidi kwamba utaupata mlango huo. Nasema tu kwamba bila wiki kama hizi, wengi hata hawafiki hatua ya kubisha hodi.

Kuhusu rafiki yako, kwa fedha za NSF jibu ni hapana mpaka apate kadi. Washiriki wa REU wanaolipwa na NSF lazima wawe raia au wawe na ukaazi wa kudumu. Mkimbizi anatakiwa kuomba kadi baada ya kutimiza mwaka mmoja nchini, kwa hiyo asiiweke kando fomu hiyo. Wakati anasubiri, amwendee profesa wake mwenyewe. Mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi, na vyuo vingi vina fedha zao za ndani za kumlipa mwanafunzi anayesaidia maabara, ambazo hazifungwi na kanuni ya NSF. Wewe, kwa kuwa una kadi, ukumbuke pia maabara za Wizara ya Nishati kwa mwakani: wana programu za mafunzo ya utafiti kwa wanafunzi, SULI, na CCI ambayo ni ya wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili hasa.

Wasomaji wangu wa Dodoma, Eldoret na Bujumbura huniuliza kila mwaka kama REU ni yao. Si yao, na anayewauzia fomu yake anawaibia. Watazame CERN, maabara ya fizikia ya Uswisi, ambayo ina programu ya majira ya joto kwa wanafunzi wa nchi zisizo wanachama, maombi yakifungwa karibu na mwisho wa Januari. Watazame pia vyuo vikuu viwili vya sayansi, KAUST cha Saudia na OIST cha Okinawa, Japani, vinavyopokea wanafunzi wa mataifa yote kwa posho, malazi na tiketi. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Maombi hayalipiwi.

Sasa hofu yako, mwanangu, ya kwamba umechukuliwa kwa huruma. Kanuni za REU zinataka angalau nusu ya wanafunzi wa kituo watoke kwenye vyuo ambavyo nafasi za utafiti ni chache, na vyuo vya miaka miwili vimo. Huyo ni wewe. Hukuingia kwa mlango wa nyuma, mlango wa mbele ulijengwa kwa ajili ya mtu wa aina yako. Vyuo vikubwa wana maabara zao nyumbani.

Wiki ya kwanza hutaelewa kitu, na hakuna anayeelewa, ila wengine wamejifunza kutikisa kichwa. Wewe usitikise kichwa. Nunua daftari la jalada gumu, uandike kwa kalamu, tarehe, saa, hali ya hewa, ulichofanya, na ulichokosea. Ukikosea namba, ipige mstari mmoja ili bado isomeke, uandike sahihi pembeni. Profesa ataziacha alama zako za darasani na kulitazama daftari hilo. Na lile neno lako kwamba maabara ya chuoni ina majibu ukurasa wa nyuma, umeligusa jambo lenyewe. Huko jibu hakuna. Hata profesa halijui, ndiyo maana anawalipa.

Nimemwacha baba mwisho kwa makusudi.

Aliinua kichwa ulipotaja ziwa. Ungemwambia zaidi asingerudi kwenye simu. Mweleze hivi: jua likipasha maji ya juu, yanakuwa mepesi na kuelea juu ya maji baridi ya chini. Upepo ukishindwa kuyachanganya, rutuba iliyozama haipandi tena, mimea midogo ya majini inakosa chakula, wadudu wanaoila wanapungua, na samaki wanaowala hao wanapungua. Mvuvi wa Tanganyika anaujua upepo wa kiangazi unaotoka kusini na kinachokuja nyuma yake. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu ziwa hilohilo la baba yako: walikadiria kwamba kwa sababu ya joto, uzalishaji wa ile mimea midogo umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria samaki kupungua kwa takriban asilimia 30. Na kuanzia mwaka 1998, kwa miaka kadhaa, Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha Kigoma programu iliyoitwa Nyanza Project, sehemu ya fedha zake zikitoka NSF hiyohiyo. Wanafunzi wa Marekani na wa Afrika walikaa pamoja pale ufukweni wakifanya kazi kama utakayofanya wewe Michigan. Walikuwa wakipima yale maji wakati familia yenu iko Nyarugusu, ndani ya mkoa uleule.

Moja ya vifaa vya mwanzo utakavyopewa huenda kikawa kisahani cha Secchi. Ni kisahani cha duara, robo nyeupe robo nyeusi, kimefungwa kamba yenye alama. Unakishusha majini taratibu upande wa kivuli wa boti, unakitazama mpaka kipotee machoni, unasoma alama ya kamba. Unakivuta mpaka kionekane tena, unasoma tena. Katikati ya namba hizo mbili ndicho kipimo cha uangavu wa maji.

Siku utakapokishusha mara ya kwanza, ukitoka botini mpigie baba. Mwambie kisahani kimepotea mita ngapi. Kisha muulize ya Baraka, asubuhi upepo ukiwa umetulia, aliona chini mpaka wapi, na miezi ipi maji yalichafuka, na ndakala walikuja upande gani. Atakachosema kiandike daftarini, ukurasa uleule, chini ya namba zako.